Waya wa Kuzimia

Maneno Fundi alikuwa nayo, tena tele. Alikuwa na maneno ya salamu, ya dua, ya kumsuta nahodha mzembe na ya kuibembeleza mashine iliyogoma. Mimi kwake nilitaka neno moja tu, aseme, "Ule waya niliukata mimi." Nililisubiri kwa miaka, na nililisubiri kwa hasira. Wala sioni haya kusema kwamba hasira yenyewe ninayo mpaka hivi ninavyokaanga samaki hapa dikoni, boti zinaposhushia.

Jina lake silitaji, na halina kazi. Bagamoyo hapa ukitaja fundi cherehani watu watakuuliza yupi, ukitaja fundi bomba watakuuliza yupi. Ukisema Fundi ukanyamaza, watakuonyesha kibanda cha mabati nyuma ya soko la samaki, mashine za boti zimening'inia kwenye fito kama nyama buchani. Ukoo wake, kwao Tanga au kwao Mafia, hayo waulizwe wanaopanga ndoa. Mimi nilimjua kwa sababu ya mashine yangu.

Maana mimi nina boti. Ni ya faiba, si kubwa, na mashine yake ni ya zamani, ya kuvuta kamba, ilikuwa imeshazeeka siku naipata. Nilianza kwa kukaanga samaki wa boti za watu, nikachoka kubakishiwa vibua vilivyopondeka, nikatafuta boti yangu nikamweka mdogo wangu Sudi awe nahodha. Siku ya kwanza tuliyoipeleka mashine kwa Fundi, aliipapasa kichwani, akacheka. "Bikizee huyu," akasema. "Atakusumbua, mwanangu, lakini hatakuacha." Jina likaganda, na mpaka leo ni Bikizee.

Nianze na salamu, kwa sababu yeye mwenyewe alianzia huko. Fundi hakugusa mashine mpaka salamu ziishe, na zake zilikuwa ndefu kama mkeka wa harusi. Nimeshuhudia nahodha mmoja anakuja mbio, kalowa mpaka kiunoni, anahema. "Fundi, mashine imekata moto, wenzangu wako nje, nanga inaburura!"

"Assalamu alaykum," Fundi akamwambia.

"Waalaykumu salaam, Fundi, wenzangu..."

"Hujambo wewe? Nyumbani hawajambo? Bi mkubwa mguu wake unaendeleaje?"

Yule nahodha alikuwa anakaribia kulia. Akajibu yote, la mguu wa mama yake akalijibu, ndipo Fundi akanyanyua bisibisi. Tulipomwambia kwamba watu wanaweza kuzama huku yeye anauliza habari za miguu, alijibu, "Mashine imezima, na adabu nayo izime?" Sote tukacheka. Fundi alikuwa na namna ya kukufanya ucheke na jambo ambalo ungelifikiria vizuri usingelicheka.

Zikiisha salamu, inakuja sheria yake. Kila mwenye mashine aliisikia, mkubwa kwa mdogo, wa Kaole, wa Mlingotini, wa Saadani. "Sema kwanza," Fundi atakwambia, mikono kaiweka mapajani. "Umeifanya nini?" Hakuuliza mashine imefanya nini. Aliuliza wewe umeifanya nini. Kwake yeye mashine haiharibiki, watu ndio wanaoiharibu, na mwenye kuiharibu asiposema basi fundi anatibu mgonjwa bubu. Ulichanganya oili kidogo? Sema. Uliipiga kwenye mwamba? Sema. Ulimwazima shemeji yako akaenda nayo kulewa Kunduchi? Sema hilo pia, na shemeji mtaje.

Alikuja nahodha wa Saadani, mtu mzima, na mashine aliyosema imezima tu yenyewe, hivihivi, bahari shwari. Fundi akafungua kifuniko, akachomoa plagi, akainusa. Akaingiza kidole kule chini kwenye sumaku, akakitoa, akakilamba mbele yetu.

"Hii imezama," akasema.

"Haijazama, Fundi. Haki ya Mungu haijazama."

"Usimwingize Mungu. Kuna chumvi mpaka kwenye sumaku, nimeila sasa hivi. Ichukue mashine yako urudi nayo Saadani. Siku utakayosema ilizama, nitaiosha."

Yule mtu alikwenda mpaka kwa muuza kahawa, akakaa, akarudi. Akasema. Ilizama, na iliyoizamisha ni tamaa yake, alijaza boti kupita kiasi. Fundi akamshika bega, akamwambia, "Umeona? Huo ni uungwana." Akaiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akaikausha, akaiwasha, akamwombea dua na safari njema. Nililiona hilo kwa macho yangu nikampenda yule mzee.

Na kazi aliijua. Simnyimi haki yake. Mashine ikikataa kuwaka, wengine hukimbilia kufungua kabureta na kutapanya vyuma, utadhani wanatafuta sindano. Yeye alitafuta moto kwanza. Alichomoa plagi, akairudisha kwenye kofia ya waya wake, akaigusisha kwenye bodi la mashine, akamwambia mwenye mashine avute kamba. Cheche ikiruka ya buluu, basi shida iko kwenye mafuta. Ikiwa nyekundu na legevu, koili inayozaa cheche imechoka. Isiporuka kabisa, ndipo anaanza kufuata nyaya.

Shida ni kwamba mchana wa jua kali cheche ile haionekani. Basi Fundi angegeukia kwetu, wanawake wa kukaanga, apaze sauti: "Jamani, nipeni giza!" Mmoja wetu atavua kanga ya juu amtupie. Ataingia chini ya kanga, kichwa chake na kichwa cha mashine, matako nje, na huko ndani utamsikia anasema, "Vuta! Vuta tena! Hee, huyo, namwona!" Wanawake tulimtania sana. Tulimwambia mkewe akija amkute ndani ya kanga ya mtu, ataeleza nini? Naye kutoka humo gizani anajibu, "Nitamwambia nilikuwa natafuta moto, na kwake umezimika." Mkewe mwenyewe akisikia anacheka.

Kama kanga haipo, alikuwa na njia nyingine, na hiyo ilikuwa ya shari. "Shika hapa," atakwambia, na wewe mjinga utashika kichwa cha waya. Anavuta kamba. Nilishika mara moja. Nilitupwa nyuma nikakalia ndoo ya dagaa, nikamtukana tusi ambalo siwezi kulirudia hapa. Yeye kajiinamia kwa kicheko. "Sasa umeamini kwamba moto upo," akasema. Urafiki wetu ulianzia kwenye ile ndoo.

Kuna jambo moja la Fundi ambalo sidhani wengi waliliona. Nililiona kwa sababu karai langu liko hatua chache kutoka kibanda chake. Akiwa nje ya mashine, Fundi alikuwa mtu wa kupima maneno, mjanja, humpati. Mikono yake ikishaingia ndani ya mashine, ulimi ulibaki bila mlinzi. Siku moja yumo ndani ya kabureta, vidole vyote vimezama, mkewe mkubwa kaleta chakula kasimama nyuma yake. Fundi hakugeuka, alidhani ni mtoto aliyetumwa. "Kiweke hapo," akasema, "na mwambie bibi asinisubiri, leo nalala kwa mdogo." Mke mdogo alikuwa hajulikani! Soko zima liligeuka kumtazama bibi. Bibi yule aliweka bakuli chini taratibu, akaondoka, na wiki nzima Fundi alikula vitumbua vya dukani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikaliweka hilo moyoni: huyu akiwa kazini, kinachotoka mdomoni ni kweli.

Sasa nifike kwenye waya.

Mashine ya boti ina kitufe chekundu cha kuzimia. Pale kwenye kitufe panachomekwa kikamba kilichojikunja, chekundu nacho, ambacho nahodha anatakiwa ajifunge mkononi. Nahodha akianguka baharini, kikamba kinachomoka, na mashine inazima palepale. Kitufe na kikamba vyote vinatumia waya mmoja unaokwenda kwenye moto wa mashine. Waya ule kazi yake ni kuua moto. Ukiwa mzima, unaua pale unapoambiwa. Chumvi ikishaingia kwenye kitufe, unaua saa zote, na mashine haiwaki hata uvute kamba mpaka bega ling'oke.

Kwa hiyo fundi yeyote akikosa moto, huutenga ule waya ajaribu. Moto ukirudi, amejua kwamba mwizi ni kitufe. Ni jaribio zuri kabisa. Kinachotakiwa baada ya hapo ni kubadilisha kitufe. Lakini vitufe vya mashine za zamani ni vya kutafuta kwa tochi, na boti inasubiri, na maji yanajaa. Basi Fundi alichukua plaizi, akaukata waya, akaukunja ncha, akaufunga ndani kabisa usionekane. "Nimeuzika," anasema. Mashine ikawaka mvuto wa kwanza. Jaribio likawa ndiyo tiba, na tiba ikawa desturi. Pwani yote hii watu wakasahau kitufe. Wanazima mashine kwa kuvuta choki mpaka ikabwe na mafuta. "Mashine ya bahari," Fundi alisema, "haina haja ya kuzima. Ina haja ya kuwaka." Watu walilirudia hilo neno kama wanasoma hadithi ya Mtume.

Na huyuhuyu mtu alikuwa hawezi kuona waya ulioungwa na fundi mwingine kwa plasta nyeusi. Aliziita bandeji. "Nani kaweka bandeji?" anafoka, anazibandua. Waya uliokatwa haukumtia kichefuchefu. Ulioungwa vibaya ndio uliomtia kichefuchefu. Mimi si fundi, lakini hilo nalo nimelifikiria sana.

Vile vikamba vyekundu alivitundika kwenye msumari kibandani, kikamba juu ya kikamba, kama shanga za mwali. Cha Bikizee alikichomoa mbele yetu, waya wake akishauzika, mimi na Sudi tumesimama. Hakukitundika. Alikuwa na mbuzi wake mchokozi ambaye kamba yake ilikuwa imekatika asubuhi ile, akamfunga nacho shingoni, akamwambia Sudi, "Huyu ndiye anayehitaji kuzimwa." Sudi alicheka. Alikuwa na kicheko cha kupiga kofi paja lake, mdogo wangu, kicheko cha baba yetu kabisa.

Yaliyompata Sudi nitayasema kwa ufupi kwa sababu marefu siyawezi. Walikuwa wanarudi asubuhi, maji makubwa ya bamvua, boti ina samaki. Karibu na mlango wa mto, pale penye mafungu ya mchanga, wimbi liliinua boti ubavu. Sudi alikuwa nyuma kwenye usukani. Akarushwa majini. Alikuwa mwogeleaji, hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba Bikizee hakuzima. Usukani ukiachiwa unajilaza, na boti ikaanza kuzunguka yenyewe kwa kasi ileile, inarudi kule alikoangukia.

Hamisi, baharia wake, alikuwa mbele. Alitambaa juu ya samaki mpaka akaifikia mashine. Hamisi anajua vizuri kwamba mashine zetu zinazimwa kwa choki. Lakini mtu akishtuka, mkono unakwenda kwenye chekundu. "Nilibonyeza, dada," aliniambia, na huwa ananiambia mpaka leo bila kuulizwa. "Wallahi nilibonyeza. Nilikibonyeza kile kitufe mpaka kikazama ndani." Alipokumbuka choki, boti ilikuwa imeshamaliza mzunguko. Propela ilimpitia Sudi. Alitutoka kabla hawajafika ufukweni.

Fundi alikuwa wa kwanza kufika msibani. Alibeba jeneza, tena kwa mbele. Alisoma Yasini kwa sauti yake nzuri, maana sauti Mungu alimpa. Akaja mlangoni tulipokaa wanawake, akaniambia, "Pole, mwanangu. Kazi ya Mola haina makosa."

"Tumeshapoa," nikamjibu, kwa kuwa ndiyo adabu. Lakini moyoni nilisema, Mola hakushika plaizi.

Nikangoja. Nilijua matanga si mahali pake. Nikangoja arobaini ipite, nikafikiri labda atakuja jioni moja, akae kwenye kibaraza, anywe chai, aseme. Si kwamba nilitaka afungwe. Wala sikutaka fidia, fidia ya Sudi ni ipi? Nilitaka aniambie kile alichomfundisha kila mtu kusema. Yule wa Saadani aliweza kusema kwa ajili ya chuma, yeye ashindwe kwa ajili ya mtu?

Hakuja. Basi nikaenda mimi, mchana kweupe, soko limejaa. Nilimpa salamu zote, sikuruka hata moja. Kisha nikamwambia, "Fundi, leo naomba niulize mimi. Ule waya wa Bikizee, nani aliukata?"

Aliangalia mikono yake. Ilikuwa mapajani, safi, haina mashine ndani yake. "Chumvi, mwanangu," akasema. "Chumvi imekula nyaya zote za pwani hii."

"Sikukuuliza chumvi. Nimekuuliza nani."

Akatokea mteja akatoa salamu, na Fundi akamgeukia mteja. Akaanza kumuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba la Miono. Nilisimama pale mpaka nikaona nikikaa zaidi nitafanya kioja. Hata hivyo nilikifanya. Nilikwenda kwa yule mbuzi, nikamfungua kile kikamba shingoni. "Hiki changu," nikasema kwa sauti. Mbuzi akatimua mbio katikati ya soko, akala mchicha wa watu, akapindua karai la mwenzangu, wanaume wakamkimbiza huku wanacheka. Fundi hakucheka.

Wanaume wa dikoni walinifuata kunituliza. "Dada, mwachie Mungu," wakasema. "Kila boti hapa waya wake umekatwa. Ukimsema Fundi, umetusema sote."

"Ndiyo," nikawajibu. "Nawasema nyote." Tangu siku hiyo naambiwa nina mdomo. Nina mdomo kweli, na mwenye masikio asikie.

Bikizee niliipeleka Kerege kwa kijana anayetengeneza nyaya za pikipiki. Nikamwambia autafute ule waya uliozikwa, auunge. Aliuunga kwa risasi ya kuyeyusha, akazungushia plasta nyeusi, akakisugua kitufe kwa msasa. Hamisi akawa nahodha, na kwenye mkono wake kile kikamba kikawa kama hirizi. "Bila hiki sipandi," alisema, na hata watu walipomtania hakukivua. Ukikivuta, Bikizee ananyamaza. Nilipenda sana kumsikia Bikizee akinyamaza.

Kwa Fundi sikukanyaga tena. Nilimwona tu kwa mbali, kutoka kwenye karai langu, namna macho yake yalivyokuwa yanafifia. Kwanza alianza kuomba giza mara mbili mbili. Kisha akawa anakaa muda mrefu ndani ya kanga halafu anatoka hana la kusema. Ilikuwa mtoto wa jicho, na alikuwa anaogopa kisu cha hospitali. Wateja wakapungua. Sitasema nilisikitika, maana nitakuwa nadanganya.

Hata mwaka huu, baada ya Idi, Bikizee akagoma. Hamisi alibadilisha plagi, haikuwaka. Akaazima koili, haikuwaka. Kijana wa Kerege akaja, akajikuna kichwa, akarudi Kerege. Mimi sikuwa mgeni wa mambo hayo, nilikuwa na dhana yangu: chumvi ilikuwa imerudi kwenye kitufe. Tulikitafuta kitufe kingine mpaka Kariakoo, na muuza spea akatuambia, "Mama, hii ya makumbusho." Boti imekaa juu ya mchanga, na mimi nimerudi kununua samaki wa wenzangu, vibua vilivyopondeka.

"Tumpelekee mzee," Hamisi akasema, kwa woga.

Nikakubali upesi hata akashangaa. Nilikuwa na mashine mbovu ya kweli, lakini nilikuwa na nia nyingine pia. Nilikumbuka lile bakuli la chakula, na yule bibi aliyeliweka chini taratibu.

Tulimkuta amekaa kwenye ubao wake. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni ule msumari ukutani. Ulikuwa mtupu. Vikamba vyote vilikuwa vimeondolewa, na mabati pale yalikuwa na alama safi. Nikaelewa kwamba kujua alijua. Siku zote alijua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akainua kichwa. "Sauti hii naijua."

"Ni yangu."

Adabu ikamwokoa. "Hujambo, mwanangu? Nyumbani hawajambo?"

"Waliobaki hawajambo."

Hamisi aliipandisha mashine kwenye fito, akafungua kifuniko. Fundi akaweka mikono mapajani. "Sema kwanza," akasema. "Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Imekataa kuwaka."

Akaipapasa kichwani, akaijua. "Bikizee," akasema polepole, na nilidhani ataishia hapo. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaingia. Alichomoa plagi, akaipitisha puani. Akageuka kwenye makarai ya wanawake kwa mazoea, akapaza sauti, "Nipeni..." Kisha akacheka, kicheko kikavu. "Giza ninalo langu siku hizi." Akashika kichwa cha waya wa plagi kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyotushikisha sisi zamani. "Vuta," akamwambia Hamisi.

Hamisi akavuta. "Hakuna," Fundi akasema. "Tena. Hakuna. Hakuna kabisa."

Alipeleka mkono nyuma ya koili, akapapasa, akachomoa waya wa kuzimia pale unapochomekwa. "Vuta sasa." Hamisi akavuta, na Fundi akaruka mzima mzima kwenye ubao wake. "Upo!" akasema, uso umemng'aa, amekuwa yule wa ile ndoo ya dagaa. "Wa buluu huu, nausikia! Mwizi ni kitufe!" Vidole vikaanza kuufuata ule waya, kutoka kwenye koili kuelekea kwenye kitufe, mpaka vikafika kwenye nundu ya plasta nyeusi. Vikaiminya. Uso ukabadilika.

"Bandeji! Nani kaweka bandeji hapa? Waya huu niliukata mimi, kwa mkono wangu, nikauzika. Nani mjinga ameuunga? Nimekwambia sema kwanza, kwa nini hukusema?"

Hamisi aliiachia kamba. Neno lilikuwa limetoka. Miaka yote ile nilifikiri siku nikilisikia nitalia, au nitampiga kofi mzee wa watu, au nitaona kifua kimekuwa chepesi. Limetoka kama karipio, na anayekaripiwa ni mimi. Kifua hakikuwa chepesi hata kidogo.

"Niliuunga mimi, Fundi," nikasema. "Baada ya arobaini ya Sudi."

Vidole vikasimama palepale kwenye ile nundu. Nilimwona anasikia alichokuwa amekisema. Nje mtu alipita, akamwita, "Assalamu alaykum, Fundi!" Fundi hakumjibu. Yule mtu akarudia, akachungulia, akaona sura zetu, akaenda zake.

Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Kitufe chake hakipatikani tena."

"Najua. Tumekitafuta mpaka Kariakoo."

"Waya huu ukibaki umeungwa, Bikizee haitawaka, mwanangu."

"Na isiwake," nikamwambia.

Plaizi ilikuwa kando ya goti lake, na wala hakuitafuta. Nikamwambia Hamisi alete mkokoteni. Vidole vya Fundi vilikuwa bado vimeushika waya, nikangoja auachie, hakuuachia. Nikavitoa mimi, kimoja kimoja, nikafunika mashine yangu, tukaondoka.